Mawimbi ya Fundi wa Simu

Fundi wa Simu alikula amesimama. Miaka sita tuliyokaa ploti moja huko Dandora, mlango wake ukitazamana na wangu ng'ambo ya ua, sikumwona ameketi na sahani ila siku moja tu. Alisimama mlangoni, bega likiegemea fremu, bakuli la githeri mkononi, macho yakiwa kwenye geti. Niliwahi kumuuliza kwa nini asivute kigoda kama watu wengine.

"Mtu aliyekaa anachelewa kusimama," alinijibu, akaendelea kutafuna.

Jina lake halisi nililijua, lakini hakuna aliyelitumia. Mama Wambui, mwenye ploti, ndiye aliyemwita Fundi wa Simu kwanza, kwa kuwa alikuwa amefunga nyaya za simu mjini kwa muda mrefu kabla ya kuacha kazi hiyo. Mimi nilipohamia pale alikuwa anaishi kwa kutengeneza redio za watu kwenye meza iliyokuwa chini ya dirisha lake. Nilikuwa taipisti katika kampuni moja ya vipuri kule Industrial Area, nikilea binti yangu Akinyi peke yangu. Ploti nzima iliniita Mama Akinyi. Yeye peke yake aliniita Dada Karani, tena kwa sauti ya chini, kana kwamba hata hilo lingeweza kutuletea shida.

Vitu alivyoviogopa vilikuwa vingi. Aliogopa mbwa. Aliogopa ngazi, mtu aliyepanda nguzo za simu ujana wake wote. Aliogopa kuitwa kutoka nyuma. Gari likiegeshwa barabarani na asishuke mtu, Fundi alizima redio aliyokuwa akiitengeneza, akaingia ndani. Lakini alichokiogopa kuliko vyote kilikuwa simu yenyewe. Karibu na soko kulikuwa na kibanda cha simu ambacho watu walipanga foleni kupiga nyumbani. Fundi alivuka barabara, akapita upande wa pili kwenye matope, asikaribie.

"Mimi nimefunga waya, Dada Karani," aliniambia. "Najua waya unaweza kufungwa wapi na wapi. Wewe unafikiri unaongea na mama yako. Unaongea na mama yako na mtu mwingine anayesikiliza akinywa chai."

Neno lake lilikuwa "Si hapa." Ukimuuliza kuhusu bei ya sukari, au habari iliyokuwa gazetini, au kwa nini jirani fulani hajaonekana tangu Jumanne, alitazama huku na huku, akasema, "Si hapa." Kijana mmoja wa chumba cha pembeni, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni, alimtania kila asubuhi. "Sasa, Fundi? Jua limetoka ama si hapa?" Fundi alicheka. Alikuwa na kicheko kikubwa ajabu kwa mtu mwoga vile, kicheko cha kuwaleta watoto wa ploti jirani wachungulie getini. Kisha alikumbuka, akajifunika mdomo kwa kiganja.

Siku gogo lilipofika, hakuna aliyecheka.

Lilikuja kwa mkokoteni kutoka Kariobangi, limefunikwa gunia, likisukumwa na wanaume wanne wanaotokwa na jasho. Lilikuwa na urefu wa mtu mzima. Mama Wambui alisimama katikati ya ua, mikono kiunoni.

"Fundi, hiyo ni maiti?"

"Ni sufuria, Mama."

"Sufuria gani inalala hivyo?"

Alifunua gunia. Lilikuwa gogo la alumini, jeupe, nene kama ndoo. Wale mafundi wa jua kali wanaoyeyusha vyuma chakavu walikuwa wamemkusanyia sufuria kuukuu kwa miezi mingi, wakaziyeyusha na kuzimwaga pamoja. Mama Wambui aliligonga kwa kidole cha pete. Likalia, sauti nyembamba iliyokaa hewani muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Mama Wambui alirudi nyuma hatua mbili, akafanya ishara ya msalaba.

Alilitundika chumbani mwake kwa waya wa chuma, katikati, juu ya fremu aliyoiunda mwenyewe na kuisimamisha juu ya vipande vya matairi ili mtikisiko wa sakafu usipande. Katikati ya gogo alibandika vijiwe vidogo alivyovitoa kwenye vichwa vya gramafoni, vile vinavyogeuza mtikisiko wa sindano kuwa umeme. Kutoka hapo nyaya zilikwenda kwenye mashine aliyoiunda kwa matumbo ya redio, na kutoka kwenye mashine hadi kwenye kisikizio cha simu. Kitanda chake alikisukuma ukutani. Alilala kando ya gogo lile kama mtu na mkewe, Mama Wambui alisema.

Nilimuuliza ni la nini. Hakusema "si hapa." Hilo ndilo lililonishangaza kwake siku zote: jambo ambalo lingemtia matatani kweli ndilo alilolieleza kwa sauti, mikono ikirukaruka.

"Ukiachilia kijiko kinaanguka, sivyo? Kinavutwa. Kila kitu kizito kinavuta. Sasa kitu kizito sana kikitikisika kwa nguvu sana, mvuto wake nao unatikisika, na huo mtikisiko unasafiri. Ni wimbi. Wimbi la redio unaweza kulizuia. Chuma kinalizuia, maji yanalizuia, udongo unalizuia. Hili hakuna cha kulizuia. Linapita kwenye mlima kama vile mlima haupo. Linapita kwako sasa hivi."

Nilijitazama kifua. Alicheka.

"Na mtu anaweza kuongea nalo?"

"Bado. Hata kulisikia bado." Aliniambia kuna mtu ng'ambo aliyetangaza kwamba amelisikia, kwa magogo ya alumini kama hili lakini makubwa zaidi, na wengine wakaunda ya kwao wasisikie kitu. Alikuwa amesoma yote hayo kwenye majarida ya maktaba ya mjini, akiyanakili kwa penseli kwenye madaftari ya shule. "Wanatafuta mawimbi ya nyota zinazogongana. Mimi sitaki nyota. Nataka kujua kama mtu wa hapa anaweza kumwambia mtu wa pale, niko hai."

Hilo neno "niko hai" nililishika, lakini sikuuliza. Jibu lilikuja lenyewe, mchana mmoja wa masika, maji yakipita uani na sisi wawili tumesimama chini ya mabati. Alikuwa akiutazama mfereji uliokuwa ukibomoka kingo zake.

"Tulikuwa tunalaza nyaya za ardhini," alisema. "Mvua kama hii. Mtaro ukamfunika mwenzangu. Sehemu ndefu, kutoka hapa mpaka kwa yule anayeuza makaa. Hatukujua yuko wapi ndani yake. Tulikuwa na redio ya kampuni kwenye gari, tulikuwa na simu, tulikuwa na kila kitu cha kuongelea. Nikalala chini nikaweka sikio kwenye matope. Tulianzia upande usio wake."

"Alikufa?"

"Tulipomfikia mikono ilikuwa imepanda juu hivi. Alikuwa amechimba. Alikuwa hai muda mrefu, Dada Karani." Alinyoosha kiganja chake kwenye mvua, akakirudisha. "Udongo ulizuia kila kitu."

Baada ya siku ile sikumcheka tena kwa sababu ya gogo.

Wakati wake wa kusikiliza ulikuwa Jumapili asubuhi. Siku nyingine malori ya taka yalipita kuelekea jaani na kila lori lilitikisa gogo kiasi cha kuliziba sikio. Jumapili watu walikwenda kanisani, malori yalipumzika, na Fundi alijifungia. Watu waliona. Mtu mzima asiyekwenda kanisani, amejifungia na nyaya na kisikizio: maneno yalianza kusemwa penye bomba la maji. Wengine walisema ni mchawi, na hao hawakunitisha. Walionitisha ni wale waliosema anaongea na watu wa nje.

Jumapili moja alinialika nisikilize. Niliingia, nikaketi kwenye kiti pekee, nikaweka viwiko mezani na kisikizio sikioni. Mwanzoni ilikuwa kama mchanga unaomwagika. Kisha, chini ya mchanga, nikasikia kitu. Dum. Dum. Dum. Polepole, kisha kwa haraka. Nywele zilinisimama.

"Kuna kitu," nilinong'ona. "Fundi, kuna kitu kinakuja."

Alichukua kisikizio, akasikiliza, akanitazama kwa huruma. "Inua mikono kwenye meza."

Niliinua. Akanirudishia kisikizio. Mchanga tu.

"Hiyo ilikuwa ni wewe," alisema. "Moyo wako. Unapitia kwenye viwiko." Kisha akaongeza, "Wangu pia nimeusikia mara nyingi. Mwanzo niliandika barua nzima kuwaambia wale wa ng'ambo nimepata. Nikaichana."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mtu aliyeona kachero katika kila gari hakukubali kujidanganya katika jambo la mawimbi. Mwaka baada ya mwaka alisikiliza, na kila mwaka aliandika kwenye madaftari yake neno lile lile: hakuna. Alijaribu pia kutuma. Alifunga kipande kizito cha chuma kwenye mota, akakizungusha karibu na gogo, akizima na kuwasha kwa mpango, kama mtu anayebisha mlango. Gogo lilijibu kidogo sana. Nilishangilia. Yeye alitikisa kichwa. "Huo ni mvuto wa jirani kwa jirani. Bado si wimbi linalosafiri. Lakini ni mlango wake."

Ni habari za mlango huo alizotaka niandike kwa mashine.

Ilikuwa ile miaka ya katikati ya themanini. Mapinduzi yalikuwa yamejaribiwa na kushindwa miaka michache kabla, na sasa mjini watu waliokota karatasi zisizo na jina la aliyeziandika, na walioziokota waliogopa hata kuzikunja. Ofisini kwetu mashine za kuandikia zilianza kufungiwa kabatini saa za kufunga kazi. Taipisti mmoja wa jengo la jirani hakuonekana tena kazini. Bosi wetu alisema amehama, na hakuna aliyeuliza amehamia wapi.

Fundi alinipa daftari. Kurasa kumi na moja kwa Kiingereza safi cha mwandiko mdogo. Zilikuwa za kupelekwa chuo kimoja cha ng'ambo. Niliziandika saa ya chakula cha mchana kwa siku nne, mkate ukiwa mapajani. Siku ya tatu nilifika kwenye sentensi iliyonifanya niondoe vidole kwenye mashine. Ilisema kwamba hii itakuwa njia ya kupelekeana habari ambayo hakuna ukuta, wala mpaka, wala mamlaka yoyote itakayoweza kuikata.

Jioni nilimfuata mlangoni. "Fundi, toa neno 'mamlaka'."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Wewe ndiye wa kusema 'si hapa' kila saa!"

"Lakini ni kweli," alisema. "Haikatiki. Nikisema mlima na nisiseme mamlaka, nitakuwa nimesema nusu."

Nililiandika. Nalijutia na sijutii. Akatia bahasha, akaipeleka posta mjini mwenyewe kwa miguu.

Walikuja Jumamosi, siku ya kufua. Peugeot nyeupe ilisimama getini na safari hii watu walishuka, watatu, makoti mazuri. Kamba zilikuwa zimejaa shuka na walizisukuma kwa mikono wakipita. Fundi alikuwa amesimama mlangoni na bakuli lake. Hakukimbia. Aliliweka bakuli chini taratibu, kana kwamba lilikuwa limejaa maji.

Walikaa chumbani mwake karibu saa nzima. Tulisikia madaftari yakianguka. Kisha aliyekuwa mkubwa wao, mwanamume mnene mwenye miwani, alitoka akiwa ameshika karatasi. Hata kutoka kwenye beseni langu nilizijua: ni kurasa zile zile alizozituma ng'ambo. Kwenye mashine ya ofisini herufi ya "e" ilikuwa inaruka juu ya mstari kidogo. Niliiona ikiruka.

"Nani hapa anajua kuandika mashine?" aliuliza.

Povu lilikuwa limenifika kwenye viwiko. Yule kijana wa kiwanda cha sabuni alitazama viatu vyake. Mama Wambui alinitazama mara moja, akageukia wageni.

"Mashine ya cherehani ama gani?" alisema. "Hapa ni watu wa kibarua, mzee. Hata barua za nyumbani tunaandikiwa."

Yule mwenye miwani alinijia. "Wewe unafanya nini?"

"Nafua," nilisema.

Mmoja wao alicheka. Walimtoa Fundi wakiwa wamemshika makwapa. Alinipita karibu, ningeweza kumgusa kwa mkono wenye sabuni. Alitazama mbele moja kwa moja, kama mtu anayepita kando ya ukuta.

Jumatatu walirudi na lori kuchukua gogo. Lilipowashinda kulipandisha kwenye lori walilikata kwa msumeno pale pale uani. Nilikuwa kazini, Mama Wambui ndiye aliyenisimulia. Walikuwa na uhakika kuna kitu ndani. Walikata katikati, wakapiga magoti, wakachungulia, wakagonga kwa nyundo. Ilikuwa alumini mpaka katikati.

Nilimshonea Akinyi anwani ya dada yangu ndani ya koti lake la shule. Nilimfundisha kwamba nisipokuwepo jioni aende kwa Mama Wambui na asilie njiani. Ofisini kila bosi alipofungua mlango nilishika mkoba wangu. Niliikagua barua yoyote niliyoandika, nikitafuta ile "e", na ilikuwa pale, inaruka, katika kila barua iliyotoka kwenye jengo letu. Fundi alihitaji kusema maneno mawili tu: Mama Akinyi. Nilimjua alivyo mwoga. Nilisubiri maneno hayo kwa wiki saba, na nasema kwa aibu, kuna siku nilitamani asirudi.

Alirudi mchana, kwa miguu, shati likimning'inia. Mama Wambui alimpikia. Fundi alivuta kigoda, akaketi mgongo wake ukielekea geti, akala. Tulimtazama akila ameketi. Mwezi haukuisha akahama. Sikumuuliza lolote. Sikumshukuru, kwa sababu kumshukuru kungekuwa kusema kwa mdomo kwamba nilimwacha.

Ilipita miaka mitatu na zaidi. Nilikuwa nimehamia Kariobangi Kusini, na Jumatano moja mchana nilikuwa napita kwenye vibanda vya jua kali nikitafuta mtu wa kuniunganishia jiko, nyundo zikilia kila upande. Ndani ya kibanda kimoja, kati ya mizani za dukani zilizofunguliwa, nilimwona. Nywele zilikuwa nyeupe. Nilisimama mlangoni mpaka akainua macho.

"Dada Karani," alisema.

"Redio uliacha?"

"Redio sishiki tena. Mizani haiongei na mtu."

Alinipa kopo la rangi nikae. Nilikuwa nimepanga maneno hayo miaka yote na yalinitoka ovyo. "Fundi, walikuuliza nani aliandika?"

"Walianza na hilo."

"Ukasema nini?"

"Nilisema ni mimi." Alikuwa anapangusa kijiwe cha mizani kwa kitambaa, polepole. "Wakaniletea mashine, wakasema andika. Nikaandika kwa kidole kimoja. Kutoka asubuhi mpaka jioni ukurasa haukuisha. Wakajua si mimi."

"Sasa... hawakukuuliza tena?"

"Waliuliza," alisema. Sikuwa na haki ya kumwomba aongeze.

Nyundo za nje zilipiga, zikanyamaza. Akainama mbele.

"Yule mwenye miwani alisoma zile kurasa zote. Kurasa kumi na moja, mbele yangu. Siku moja akawatuma wenzake chai. Akafunga mlango, akauliza kwa sauti ndogo sana, 'Hii kitu, mtu anaweza kuongea nayo na hakuna mwingine asikie? Hata sisi?' Nikamwambia, mzee, bado, labda wajukuu wetu. Akaniuliza mara ya pili, kama mtu anayeuliza dawa. Dada Karani, yule mtu alikuwa anaogopa kuliko mimi. Wiki iliyofuata wakanifungulia."

Nikafungua mdomo nimwambie lile neno la kumshukuru, na hapo kivuli kikaingia kibandani. Mwanamume aliyevaa koti alikuwa amesimama mlangoni, akitazama mizani moja baada ya nyingine. Huenda alikuwa mwenye duka tu. Fundi alishainuka, uso wake umebadilika, na akanisemesha kwa sauti kubwa, kama mtu asiyenijua:

"Sawa, mama. Mizani yako itakuwa tayari Ijumaa."

Sikuwa nimeleta mizani yoyote. "Asante, fundi," nilisema. "Ijumaa nitakuja." Nikatoka bila kugeuka.

Ijumaa nilikwenda. Kulikuwa na wateja wawili wamesimama, kwa hiyo hatukuweza kusema kitu. Fundi alinyoosha mkono chini ya meza, akanitolea mizani ndogo ya kijani, imepakwa rangi upya, sindano yake imetulia kwenye sufuri. Alikuwa ameitengeneza ili uongo wake wa Jumatano uwe kweli. Kwenye uzi alikuwa amefunga kikaratasi, kama alivyofunga kwenye mizani zote, chenye tarehe na jina la mteja.

Nilikisoma nilipofika nyumbani na kufunga mlango. Kwa mwandiko wake mdogo aliandika "Mama wa duka la Fedha." Sijawahi kuwa na duka, wala kukaa mtaa wa Fedha. Hata kwenye kikaratasi cha mizani, Fundi alikuwa amekataa kuandika jina langu.